Hodi Katika Njia ya Kumano

Lango la kwanza nililipita vibaya. Tulishuka kwenye basi pale Takijiri, Japani, inapoanzia njia yetu ya Kumano, nikakaza mikanda ya begi la mgongoni, nikaliona torii, lango la mahali patakatifu, limesimama mbele ya miti, nikapita katikati yake mbio mbio kama mtu anayewahi matatu ya mwisho. Mama akanishika mkono wa sweta. Hakusema neno. Alinirudisha hadi nje ya lango, akasogea pembeni, akainama kidogo, kisha akaingia taratibu, akiiacha njia ya katikati ikiwa wazi. Baadaye akanieleza kwamba katikati ni pa kupita mwenye nyumba. Mgeni hupita kando.

Huyu ninayemwita Mama si mzazi wangu. Ni mwanamke wa miaka 68, muuguzi mstaafu, aliyenipokea nyumbani kwake Osaka nilipokwenda Japani kwa mafunzo ya miezi sita. Tangu siku ya kwanza aliniambia nimwite hivyo. Mwezi wa Novemba, mafunzo yakiwa yamebaki wiki chache, aliniuliza kama ningependa kutembea naye njia ya Kumano, ambayo yeye alikuwa ameitembea mara mbili, mara ya mwisho akiwa na marehemu mumewe. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Pale langoni nikamwambia kuwa kwetu pwani jambo hilo lina neno lake. Ukifika kwa mtu, hata mlango ukiwa wazi na unawaona wenyewe wamekaa ndani, unasimama nje na kusema hodi. Unangoja uitikiwe karibu. Ukibisha mara tatu bila jibu, unarudi ulikotoka na wala hukasiriki. Mama alilirudia neno, silabi moja moja, "Ho-di," akatikisa kichwa kuonyesha kuwa limemkaa. Tangu hapo, kila tulipofika kwenye lango au kijihekalu cha njiani, yeye aliinama na mimi nikasema hodi kwa sauti ya chini. Mchana ulipofika alikuwa akiinama na kusema hodi pia.

Kumano ni eneo la milima lililo kusini mwa rasi ya Kii, mkoa wa Wakayama. Kutoka Osaka ni treni ya kama saa mbili hadi stesheni ya Kii-Tanabe, mjini Tanabe, kisha basi linaloingia bondeni. Kuna njia kadhaa za kale zinazoelekea kwenye majinja makuu matatu ya huko (jinja ndilo jina la mahali patakatifu pa dini ya Shinto): Hongu, Hayatama na Nachi. Sisi tulishika njia iitwayo Nakahechi, iliyotumiwa na wafalme waliojiuzulu na watu wa ikulu ya Kyoto kuanzia zaidi ya miaka 900 iliyopita. Mfalme mstaafu Go-Shirakawa peke yake alikwenda Kumano zaidi ya mara 30, na safari ya kwenda na kurudi kutoka Kyoto ilichukua takriban mwezi mzima. Baadaye wakaja watu wa kawaida, wakawa wengi mno hata Wajapani wakawa na msemo kuwa watu wanakwenda Kumano kama msafara wa sisimizi. Mwaka 2004 UNESCO iliziingiza njia hizi katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuanzia Takijiri hadi Hongu ni karibu kilomita 40. Nilidhani kilomita nne za siku ya kwanza, hadi kijiji cha Takahara, zingekuwa mchezo. Njia inaanzia nyuma ya kijihekalu cha Takijiri na inapanda papo hapo. Hakuna utangulizi. Ngazi zake ni mizizi ya miti iliyotokeza juu ya udongo, imesuguliwa na nyayo mpaka inang'aa, na kati ya mzizi na mzizi kuna mawe yenye ukungu wa kijani. Nilivaa raba za soli laini, zile zile nilizokuwa nikivaa mjini. Mama alizitazama nyumbani akaniuliza kama zinashika vizuri, nikamjibu zinashika. Nilimjibu kwa haraka, bila kuzigeuza nikazitazama.

Mita mia chache kutoka Takijiri kuna mwamba mkubwa wenye upenyo unaoitwa Tainai-kuguri, maana yake kupita tumboni. Unaingia upande mmoja ukitambaa kwa viganja na magoti, unatokea upande wa juu kwenye tundu ambalo bega moja lazima litangulie. Wanasema mwanamke akipita pale atajifungua salama. Mdogo wangu alikuwa Ukunda na mimba ya miezi saba, wa kwanza. Nilivua begi, nikaingia. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi, na kwa muda sikuona kitu ila mwanga mdogo kule juu. Nilimwombea mdogo wangu kwa Mola wangu, kwa maneno niliyofundishwa utotoni, nikiwa nimelalia jiwe la watu wengine. Nilipotokea, Mama alinifuta vumbi usoni kwa kitambaa chake bila kuuliza nimefanya nini humo.

Jambo hili la dini lilikuwa limenisumbua kabla ya safari, na najua wapo watakaoniuliza. Mimi ni Mwislamu. Nilikwenda kwenye nyumba ya ibada ya watu wengine kama mgeni. Mama alijua hilo. Hakuwahi kuniambia nipige makofi wala nitupe sarafu kwenye sanduku la sadaka. Yeye aliinama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena mara moja, kama desturi yao ilivyo; mimi nilisimama kando, nimefunga mikono, kimya mpaka amalize. Na usiku, kwenye nyumba ya wageni Takahara, ni yeye aliyeisogeza meza ndogo ya chai ili mswala wangu upate nafasi juu ya mkeka, akaniuliza kibla kiko upande gani. Kutoka Japani ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini. Alitoka, akaufunga mlango wa karatasi polepole, akakaa baridini kwenye kibaraza mpaka nilipotoa salamu.

Pale Takahara kuna jinja dogo lililozungukwa na miti mikubwa ya umri wa karne nyingi, iitwayo kusunoki. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umejaa bondeni, Mama aliokota jani lililoanguka, akalisugua kwa vidole, akaniletea puani. Nilishtuka. Ilikuwa karafuu maiti. Harufu ile ile ya chumba tulichomwoshea bibi yangu. Sikuwahi kujua kuwa karafuu maiti inatoka kwenye mti, tena mti mrefu kama mnara, wenye shina ambalo watu watano hawalikumbatii. Nilimwambia Mama kuwa kwetu kwa harufu hii tunaagana na wafu. Akalitia lile jani kwenye daftari lake.

Kila penye kituo kati ya vituo vya zamani, viitwavyo oji, kuna kisanduku cha mbao juu ya nguzo, kina paa kama kinyumba cha njiwa. Ndani mna muhuri na kidau cha wino mwekundu. Unafungua kikaratasi chako, unagonga. Kila muhuri una mchoro wake. Oji hizi ni majinja madogo ya njiani ambapo mahujaji wa zamani waliomba na kupumzika; mapokeo yanazihesabu 99, na nyingi leo zimebaki jiwe tu lenye maandishi. Nilivutiwa na utaratibu huo wa kukaribia kidogo kidogo. Hufiki kwa mwenyeji mara moja. Unabisha, unaendelea, unabisha tena.

Siku ya pili ndiyo niliyoanguka. Tulikuwa tunateremka mlima wa Hashiori kuelekea kijiji cha Chikatsuyu, mvua ya manyunyu imepita, na mimi nilikuwa nimemtangulia Mama kwa sababu niliona mwendo wake unanichelewesha. Mguu wa kulia uliteleza juu ya jiwe la ukungu, goti la kushoto likapiga ukingo. Nilikaa pale njiani, suruali imechanika, damu inachuruzika. Mama alifika kwa mwendo wake ule ule. Alifungua kifuko chake cha dawa, akasafisha, akafunga bendeji kama alivyowafunga watu kwa miaka 40, kisha akaninyooshea fimbo yake ya mianzi. Nikamwambia, "Mama, utatembea na nini?" Akanionyesha miguu yake. Alivaa viatu vya turubai vyenye kidole gumba kilichotengwa, wanavyovaa mafundi wa Kijapani juu ya mapaa.

Alipokuwa anafunga bendeji alinisimulia habari ya jina la mahali tulipokuwa. Inasemwa kuwa mfalme mstaafu Kazan, zaidi ya miaka elfu iliyopita, alisimama hapo kula chakula. Hakuwa na vijiti vya kulia, wakamvunjia mabua ya porini. Bua likatoa utomvu mwekundu, naye akauliza: hii ni damu au umande? Kwa Kijapani, damu ni chi, umande ni tsuyu. Ndiyo Chikatsuyu. Na Hashiori ni mahali vijiti vilipovunjwa.

Tulipofika kwenye nyumba ya wageni jioni ile niligundua kuwa hedhi yangu imeanza, siku nne kabla ya wakati. Niliukunja mswala, nikauweka chini kabisa ya begi.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi nilivyojisikia. Nyumbani nimefundishwa vizuri kuwa siku hizo ni ruhusa kutoka kwa Mungu, kwamba dua na dhikri haziachwi. Marehemu bibi alikuwa akisema Mola hamfukuzi mtu, anampumzisha. Lakini hapa nilikuwa mgeni, na nilikuwa nimesoma kuwa katika Shinto damu huhesabiwa uchafu unaomzuia mtu kufika mbele ya kilicho kitakatifu. Tena nilijua kuwa katika milima hii hii, kwenye orodha ile ile ya UNESCO, uko mlima wa Sanjogatake, mkoa wa Nara, ambao mpaka leo wanawake hawaruhusiwi kuupanda. Kuna lango na kibao kinachosema hivyo. Kwa hiyo usiku ule nilimwambia Mama ukweli, maana sikutaka kuingia kwa watu kwa kuficha. Nikamwambia yeye aende Hongu, mimi nitamngoja barabarani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kesho tupumzishe goti. Keshokutwa tutafika Fushiogami, halafu uamue mwenyewe."

Siku ya tatu tulitembea kidogo tu, hadi Tsugizakura. Ningekuwa na siku moja tu ya kurudi Kumano, ningeirudia hiyo. Juu ya ngazi za mawe, kuzunguka jinja dogo, imesimama mierezi ya Kijapani, sugi, ya umri wa miaka mia kadhaa, na matawi yake karibu yote yametoka upande mmoja, kusini, kama watu waliogeuka kutazama kitu. Wenyeji husema inaelekea Nachi. Shina moja lina uwazi ambao Mama na mimi tuliingia pamoja tukasimama wima. Chini yake, ng'ambo ya barabara, kuna chemchemi. Nilikinga maji kwa viganja, yalikuwa baridi mpaka meno yakauma.

Miti hii ilinusurika kwa tundu la sindano. Mwaka 1906 serikali ya Japani iliagiza majinja madogo ya vijijini yaunganishwe, kila eneo libaki na machache. Jinja likifutwa, msitu wake nao ulikuwa halali kukatwa na kuuzwa. Aliyesimama kupinga katika nchi hii ya Kumano alikuwa Minakata Kumagusu, mtaalamu wa viumbe aliyezaliwa mwaka 1867, aliyewahi kusoma na kuandika London, kisha akaishi Tanabe akichunguza kuvu na viumbe vidogo vya msituni. Aliandika barua, aliandika magazetini, akawasumbua wakubwa. Mwaka 1910 aliwekwa rumande kwa kuvuruga mkutano uliohudhuriwa na ofisa aliyeunga mkono agizo lile. Hapa Tsugizakura sehemu ya miti ilikatwa, lakini hii iliyobaki imebaki kwa juhudi zake. Hoja yake niliielewa bila kufafanuliwa: ukiukata msitu wa jinja, umewaondoa ndege, dawa, maji, na ile aibu njema inayomfanya mtu ashushe sauti anapoingia mahali.

Niliielewa kwa sababu mimi ni wa Kwale. Kutoka kwetu hadi msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo ni bodaboda ya dakika 20, na nilikuwa sijawahi kuingia. Makaya ya Wamijikenda nayo yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Tulipokuwa watoto tuliambiwa tu kuwa mle ni kwa wazee, kuna masharti: mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na asitoke na kitu, hata jani. Nilipokua, nikaona masharti hayo kuwa ni mambo ya zamani yasiyonihusu, mimi mtu wa msikitini na wa shuleni. Nilikaa kwenye ngazi za Tsugizakura nikahesabu misitu niliyoiona ikigeuka viwanja pwani kwetu katika umri wangu. Iliyosimama ni ile yenye masharti. Nikaona haya kwamba nimevuka bahari kuja kujifunza kubisha hodi msituni.

Siku ya nne basi lilituteremsha Hosshinmon, ambako mipaka mitakatifu ya Hongu ilikuwa ikianzia. Zimebaki kilomita saba, nazo ni nyepesi: vijiji, mashamba ya chai, vibanda visivyo na muuzaji ambapo unachukua mfuko wa machungwa au plamu za kuchachusha na kutumbukiza yeni 100 kwenye kopo. Kisha msitu tena, halafu unatokea kwenye uwanda mdogo. Hapo ni Fushiogami, maana yake kuanguka kifudifudi na kuomba, kwa sababu hapo ndipo hujaji, baada ya wiki za kutembea, anapoliona kwa mara ya kwanza bonde la Hongu kwa mbali.

Kuna nguzo ndogo ya jiwe la kale. Mama aliniketisha kwenye benchi karibu nayo.

"Unamjua Izumi Shikibu?" akaniuliza. Sikumjua. Alikuwa mshairi wa ikulu ya Kyoto, miaka elfu moja iliyopita. Inasimuliwa kuwa alikuja Kumano kwa miguu, na alipofika hapa tulipokaa, hedhi ikamjia. Bonde liko mbele ya macho yake na yeye hawezi kushuka. Akatunga shairi la huzuni, akalala. Usiku mungu wa Kumano akamjibu ndotoni, naye kwa shairi: kwamba yeye amechagua kuchanganyika na vumbi la dunia, basi damu ya mwezi itamzuiaje mtu kwake? Asubuhi Izumi akashuka, akaingia.

"Kumano haijawahi kuuliza," Mama akasema. "Mwanamke, mgonjwa, masikini, aliyeamini na asiyeamini. Wote walipita hapa. Unaitwaje ule mwitikio wa hodi?"

"Karibu."

"Basi ndiyo hiyo."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama alitoa mehari, tonge kubwa la wali lililofungwa kwa jani la haradali lililotiwa chumvi, chakula cha wakata miti wa Kumano, akalikata mapande mawili. Tukala tukitazama bonde. Ndani ya moyo nikaleta dhikri mpaka nikatulia.

Hongu ina ngazi 158 za mawe, na goti langu lilizihesabu zote. Juu kuna ua wa changarawe na majengo yenye mapaa ya magome ya mti, hayana rangi, mbao zake zimekolea kwa mvua. Kila mahali yupo kunguru wa miguu mitatu, Yatagarasu, aliyemwongoza mfalme wa kwanza katika milima hii kwa masimulizi yao. Wapenzi wa mpira wamemwona bila kumjua, kwenye nembo ya jezi ya timu ya taifa ya Japani. Nilisimama pembeni Mama alipokuwa akiomba. Alikaa muda mrefu. Nadhani alikuwa akizungumza na mumewe.

Kisha tukashuka hadi Oyunohara, kwenye ukingo wa mto, mahali Hongu ilipokuwa zamani. Mafuriko ya Agosti 1889 yalisomba sehemu kubwa ya majengo, na yaliyosalimika yakahamishiwa kilimani. Palipobaki pamekuwa uwanja wa nyasi kati ya mierezi, na mbele yake torii ya urefu wa karibu mita 34, kubwa kuliko zote Japani. Lango kubwa namna hiyo, na ndani hakuna nyumba. Nikasogea kando, nikasimama, nikabisha hodi kwa sauti ya kawaida, nikaingia.

Jioni tulilala Yunomine, kijiji cha maji moto. Kuna kibanda cha mbao juu ya kijito, Tsuboyu, chenye birika la mawe la watu wawili hivi, na kila kundi linapewa dakika 30. Mama aliingia peke yake. Mimi nilikaa hatua chache kando, kwenye kisima cha maji yanayofika karibu nyuzi 90, ambapo wanakijiji huchemsha mboga. Nilinunua mayai matano kwenye mfuko wa wavu, nikayaninginiza majini, nikawa natazama saa. Zamu ya Mama ilipokwisha nikaenda hadi mlangoni, mvuke unatoka kwenye nyufa za mbao, nikagonga kwa kidole.

"Hodi?"

Kimya kidogo, maji yakasikika yakimwagika, kisha sauti yake kutoka ndani.

"Karibu!"

Nikamwambia mayai yameiva.